Sikio Lililofundishwa Aibu

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hiyo tulifundishwa shuleni, tukaiandika katika madaftari, tukaijibu vizuri katika mitihani. Lakini nje ya darasa tuliishi kinyume chake. Tulijua, bila ya kufundishwa na mwalimu yeyote, kwamba mcheza kwao huchekwa, na kwamba atakaye kutuzwa hana budi acheze ngoma ya watu wengine. Insha hii ina nia moja: kuuliza ni nani aliyetufundisha somo hilo la pili, na kwa nini tumelishika kuliko la kwanza.

Wako watakaotujibu upesi kwamba swali hili halina maana. Watasema muziki ni ladha, kila mtu na ladha yake, basi yaishe. Sisi tunalikataa jibu hilo. Hakuna mtoto azaliwaye akipenda rumba au akichukia zeze. Sikio hulelewa. Hulelewa na mama, na mtaa, na redio, na shule. Na mara nyingi hulelewa na mambo mawili ambayo hatupendi kuyataja hadharani, nayo ni rangi ya ngozi na hofu ya kuchekwa na wenzetu. Mtu aliyelelewa hivyo husema "napenda" mahali ambapo ingempasa kusema "naogopa".

Aibu yetu wenyewe

Si haki kuwashutumu wengine kabla ya kujishutumu. Katika miaka ya 1980 tulikuwa wanafunzi wa sekondari ya bweni. Jumamosi kulikuwa na disko, na aliyekuwa na kanda mpya ya nyimbo za Marekani alikuwa mfalme wa bweni kwa muda wa muhula mzima. Muhula mmoja akaja mwenzetu kutoka vijiji vya Dodoma, naye katika sanduku lake alikuwa na ilimba, yaani ile marimba ya Wagogo ipigwayo kwa vidole gumba. Usiku wa kwanza akaketi kitandani akaipiga, na bweni zima likanyamaza. Ukimya ule tunaukumbuka, maana ulikuwa ukimya wa watu wanaosikia kitu kizuri. Kisha mmoja wetu, ambaye alikuwa na kaka yake Dar es Salaam na viatu tulivyovitamani sote, akacheka na kumwita mshamba. Nasi tukacheka. Kesho yake ilimba ikafungiwa sandukuni, na likizo ilipofika ikarudi kijijini, hatukuiona tena.

Tuliocheka tulikuwa nani? Hatukuwa watoto wa Ulaya. Mmoja alikuwa Msukuma ambaye mjomba wake alikuwa manju wa ngoma. Mwingine Mmakonde aliyeijua sindimba tangu utoto. Mwingine Mzaramo aliyekulia katika milio ya ngoma za jando. Kila mmoja alikuwa na ilimba yake aliyoificha moyoni, na kila mmoja alicheka ili asichekwe. Ndivyo rika linavyofanya kazi yake. Halihitaji sheria wala askari. Kicheko cha mtu mmoja mwenye viatu vizuri kinatosha.

Miaka mingi baadaye, marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huohuo wa Dodoma na msanii wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alipiga ilimba na zeze katika majukwaa ya Ulaya, na sauti yake ikatolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Alipofariki mwaka 2003 jina lake lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Hapo baadhi yetu, wale wale wa bwenini, tulimtaja kwa fahari mbele ya wageni. Lakini tujiulize kwa unyofu: masikio yetu yalibadilika lini? Ilimba ilikuwa ile ile, na vidole gumba ni vile vile. Kilichobadilika ni rangi ya mikono iliyopiga makofi.

Mwanamke wa Fumba

Jambo hili halikuanza na sisi. Taarabu ya Unguja ilipandwa katika jumba la Sultani. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri akampeleka Mohamed Ibrahim kwenda kujifunza kupiga kanuni huko Kairo. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo mpaka leo. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Wengi waliozisikiliza hawakuyaelewa maneno yake, lakini walijua jambo moja: kuzipenda kulikuwa dalili ya ustaarabu, na ustaarabu siku zile ulipimwa kwa nasaba na kwa rangi. Waarabu walikaa juu ya ngazi, na chini kabisa walikaa wazao wa watumwa na wakulima wa mashamba. Mtu aliyetaka kupanda ngazi ile alianza kwa kulipandisha sikio lake.

Akatokea Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu wa chini, aliyekuwa akifinyanga na kuuza vyungu. Hakuwa na nasaba ya kujivunia, wala hakuwa na sura ya kusifiwa na wapenda sura. Alisimangwa kwa yote mawili, na masimango hayo yalitungiwa hata nyimbo. Yeye akaitwaa fani ile ya jumba la Sultani, akaitia Kiswahili, akaimba habari za mji: dhuluma, hukumu za mahakama, mapenzi na hila za watu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, naye akawa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo wa Afrika Mashariki ambao sauti zao ziliuzwa hivyo. Santuri zile zikasikika pwani na bara. Shaaban Robert aliona maisha ya mwanamke huyo yanastahili kitabu, akaandika wasifu wake.

Tunawaomba vijana wauangalie mfano huu kwa makini, kwa maana una mafunzo mawili. La kwanza, waliosema kwamba Kiswahili hakifai kwa taarabu hawakusema hivyo baada ya kusikiliza. Walihukumu kabla, kwa kumtazama anayeimba. La pili, Siti hakuutupa muziki wa wageni. Udi na fidla alivikubali. Alichokikataa ni aibu. Ndiyo maana leo hii tunaposema taarabu, mtu wa kwetu hufikiria kwanza Kiswahili, na Kiarabu huja baadaye.

Rangi iliyopakwa juu ya sauti

Wapo watakaodhani kwamba ugonjwa huu ni wa watu waliotawaliwa tu. Sivyo. Tutazame Marekani, nchi ambayo nyimbo zake tulizipigania bwenini. Mwaka 1920 mwimbaji mweusi Mamie Smith alirekodi wimbo wa blues kwa kampuni ya Okeh, na wimbo ukauzika sana. Makampuni ya santuri yakaona faida. Yakatengeneza orodha mbili: moja ya muziki wa kuuzwa kwa weusi, na nyingine ya muziki wa wazungu wa mashambani. Katika majimbo ya kusini wapigaji weusi na weupe walikuwa wakiibiana nyimbo na mitindo kwa vizazi vingi. Lakini orodha zilipokwisha kuchapwa, watu wakaanza kuamini kwamba Mungu ndiye aliyezichapa. Mpaka mwaka 1949 gazeti la Billboard liliendelea kuziweka santuri za weusi chini ya kichwa kilichotaja mbari yao.

Banjo inatosha kuwa ushahidi. Chombo hicho kilibuniwa na Waafrika waliofanywa watumwa katika visiwa vya Karibi na Amerika ya Kaskazini, wakikumbuka vyombo vya kibuyu na nyuzi vya Afrika Magharibi. Katika karne ya 19 wazungu waliojipaka masizi usoni walikipiga jukwaani kwa kuwakejeli weusi. Basi kikawa chombo cha kejeli, weusi wengi wakakiacha, na mwishowe watu wakaamini kwamba banjo ni mali ya wazungu tangu asili. Hivyo mwenye mali alionewa haya na mali yake, akaitupa, aliyeiokota akaitwa mwenyewe. Je, hatulijui jambo hilo hapa kwetu?

Na tazama lililompata Nat King Cole. Tarehe 10 Aprili 1956 alikuwa akiimba Birmingham, jimbo la Alabama, mbele ya wasikilizaji wazungu. Walikuwa wamelipa fedha zao kumsikia, maana sauti yake waliipenda. Wazungu wachache wakapanda jukwaani wakamwangusha chini. Ukumbi ule mmoja ulikuwa na watu walioweza kuipenda sauti na watu walioichukia ngozi, na sheria ya nchi ilikuwa upande wa ngozi. Tusidhani kwamba hayo yamekwisha kabisa. Kijana mweusi ajulikanaye kwa jina la Lil Nas X alitoa wimbo wa mtindo wa mashambani, na mwaka 2019 Billboard ikauondoa katika orodha ya muziki wa mtindo huo kwa kusema kwamba haukuwa na sifa za kutosha. Wimbo huohuo ukakaa juu ya orodha kuu kwa majuma 19. Orodha zile mbili za zamani bado zina kivuli.

Hapa hatuna budi kuonya juu ya upande wa pili wa sarafu hiyo. Yupo mzungu mwema anayetusifu kwa kusema kwamba ngoma imo damuni mwa Mwafrika. Sifa hiyo ni tusi lililovaa kanzu. Zawose alijifunza tangu utoto, akakosea, akarudia, akafundisha jamaa zake kwa miaka. Anayesema kwamba alizaliwa nayo anamnyang'anya kazi yake. Damu haina mdundo mwingine zaidi ya ule wa moyo, na huo tunao sote, weusi kwa weupe.

Marufuku haikuleta dawa

Serikali yetu iliuona ugonjwa mapema. Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza dansi za Ulaya na za Amerika lakini hatukuzijua ngoma za kwetu, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli. Lakini baadhi ya waliokuja kuyatekeleza walichukua njia ya mkato. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ni wa kigeni na unapotosha vijana. Wapo vijana waliojitetea kwa kusema kwamba soul ni muziki wa weusi wenzetu, kwa hiyo ni wetu.

Kwa maoni yetu pande zote mbili zilikosea kosa moja. Mkubwa aliuhukumu muziki kwa pasipoti yake, na kijana akautetea kwa ngozi yake. Hakuna aliyeuliza wimbo unasema nini na umetengenezwaje. Wala marufuku haiwezi kuondoa aibu, maana aibu haikai katika santuri; inakaa katika mtu. Ukimnyang'anya kijana kile anachokitamani, hujamfundisha kukipenda kile anachokionea haya.

Dawa ya kweli ilikuwa ikitengenezwa kwingine. Kuanzia mwaka 1933 santuri za Cuba zilianza kuuzwa Afrika, na wapigaji wetu wakazipenda mno, hata Salum Abdallah wa Morogoro akaiita bendi yake Cuban Marimba. Je, huo ulikuwa utumwa? La. Muziki ule ulikuwa na damu ya Waafrika waliouzwa Cuba, nao ulirudi nyumbani kama mtoto aliyepotea. Na Salum Abdallah aliupokea kwa Kiswahili. Patrick Balisidya, mwana wa Dodoma, alichukua gitaa za umeme akazifundisha sauti za Kigogo, na bendi yake ya Afro 70 ikaiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Watu hawa walisikiliza mbali bila ya kuziba sikio la karibu. Ndio walimu wetu.

Rika na idadi

Tumetaja kicheko cha bweni. Huenda msomaji akadhani hicho ni kisa cha watoto tu. Basi na ausikie utafiti uliotolewa mwaka 2006 na Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Waliwapa watu 14,341 nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wazisikilize na kuchukua wazipendazo. Baadhi walichagua kila mtu peke yake. Wengine waligawanywa katika makundi manane yasiyoonana, na kila mmoja akaonyeshwa ni watu wangapi wa kundi lake waliokwisha kuuchukua kila wimbo. Matokeo yalikuwaje? Walipoonyeshwa idadi, nyimbo chache zilipaa na nyingi zikazama. Na wimbo uliopaa katika kundi moja uliweza kuzama katika jingine. Nyimbo bora kabisa hazikufanya vibaya sana, na mbovu kabisa hazikufanya vizuri sana. Lakini kwa zile nyingi za katikati, aliyeamua ni bahati ya nani aliyetangulia. Katika jaribio la baadaye watafiti waliigeuza hesabu juu chini, wa mwisho akaonyeshwa kuwa wa kwanza, na watu wakaufuata uongo.

Ukienda kwa wenye chongo, walisema wazee, nawe fumba lako jicho. Methali hiyo ilikuwa ya adabu ya mgeni. Sisi tumeigeuza kuwa adabu ya maisha, hata tumefumba macho tukiwa nyumbani kwetu. Na leo kijana anabeba bweni zima mfukoni. Kabla wimbo haujaanza kulia katika simu yake, amekwisha kuona umetazamwa na watu milioni ngapi. Hukumu imemfikia kabla ya ushahidi.

Tazameni singeli, muziki wa mitaa ya Manzese na Tandale. Kwa miaka mingi wengi wetu tuliovaa tai tuliuita muziki wa wahuni. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa singeli, wasikilizaji wa Ulaya wakaushangilia, na wapigaji wakaalikwa katika matamasha ya huko. Ndipo tukakumbuka kwamba singeli ni yetu. Hatusemi kwamba kila singeli ni nzuri. Zipo ambazo maneno yake hatuwezi kuyatetea. Tunasema kwamba hatukuwa tumeisikiliza. Tuliihukumu kwa mtaa wake, kisha tukaisamehe kwa shahada ya mgeni.

Watakaotupinga

Watu watasema: muziki hauna mipaka, mbona mnatuwekea? Tunajibu kwamba hatuweki mpaka wowote. Ajifunzaye Beethoven na ajifunze. Apendaye rumba ya Kongo au nyimbo za Afrika Kusini na apende. Lakini mpaka upo tayari, nao umewekwa ndani ya sikio. Kijana anayeweza kutaja waimbaji kumi wa Marekani na hawezi kutaja ngoma mbili za bibi yake hakuvuka mpaka, amehamishwa. Uhuru wa kuchagua huanza pale mtu anapovijua vyote viwili na kuchagua bila ya kutazama nani anamtazama.

Wajibu wetu

Na sisi watumishi wa umma tusijifiche nyuma ya vijana. Katika sherehe ngapi tumewasimamisha wacheza ngoma juani tangu asubuhi, wakamngoja mgeni rasmi, wakapewa dakika tano wakati wageni wakitafuta viti vyao, kisha tukaingia ukumbini kustarehe na muziki mwingine? Mtoto aliyesimama pembeni ameona. Hatuhitaji kumweleza kwa maneno ni muziki gani wenye heshima. Tumekwisha kumwonyesha kwa mpango wa viti.

Kwa walimu tunapendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha. Kwanza, mwalimu awasikilizishe wanafunzi nyimbo sita bila ya kutaja mwimbaji, nchi wala mwaka: ya Siti, ya Zawose, ya Cuba, ya Marekani, ya kanisani au ya kasida, na moja ya mtaani kwao. Waandike wanachosikia: vyombo gani, sauti ngapi, mdundo unakwendaje. Wakimaliza kuandika, ndipo waambiwe majina. Watashangaa na watacheka, na safari hii watakuwa wakijicheka wenyewe. Pili, kila mwanafunzi arudi likizo na wimbo mmoja aliofundishwa na mzee wa kwao, maneno yake na maana yake, auimbe mbele ya darasa. Na mwalimu aanze, auimbe wa kwake. Maana bweni lililomcheka mwenzetu lilikosa mtu mzima mmoja wa kuketi kando yake na kumwambia, hebu piga tena.

Mwenzetu yule hatujui kama aliwahi kuipiga tena ilimba yake. Hatuwezi kumrudishia usiku ule. Tunaweza tu kuyalinda mabweni ya leo yasije yakafanya kama tulivyofanya sisi. Kwa kuwa sisi ni watu wa mashairi, tunafunga kwa ubeti:

Sikio lipe uhuru, lisikie bila woga,
Lisimwombe mtu nuru, wala rika kuliiga,
Wa mbali tumshukuru, na wa kwetu akipiga,
Tusimtoze ushuru, wa aibu na kejeli.